Fasihi linganishi na kazi ambazo Arusha inazo bila kuzipa jina

Tangu Umoja wa Afrika ulipokipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi mwezi Februari 2022, baada ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) kuwa imekwishakipa hadhi ya lugha rasmi mwezi Agosti 2019, neno "kubidhaisha" limetoka katika makongamano ya wataalamu likaingia mitaani. Hapa Arusha wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita wanaambiwa kwamba Kiswahili sasa ni bidhaa, kijana akisome, soko liko wazi. Wakati huohuo, mara nyingi katika mazungumzo yaleyale, wanaambiwa kwamba programu za akili unde zinatafsiri ukurasa mzima kabla chai haijapoa, kwa hiyo kijana aachane na mambo ya lugha na fasihi atafute fani nyingine. Kauli hizi mbili zinapingana, lakini zimezaliwa na kosa moja. Zote zinadhani kwamba anachouza msomi wa lugha na fasihi ni kuijua lugha. Hoja yangu ni kwamba mhitimu wa fasihi linganishi hauzi lugha. Anauza uwezo wa kusimama kati ya matini mbili, yaani maandishi mawili, au kati ya watu wawili wanaolisema jambo moja kwa desturi mbili, akaeleza nini kimevuka na nini kimebaki ng'ambo. Kazi za namna hiyo zipo, na katika mji huu zimekuwapo kwa zaidi ya robo karne. Kinachokosekana ni jina la kazi, fungu katika bajeti, na chuo kinachomwandaa kijana kwa kazi hiyo badala ya kumwachia aigundue mwenyewe akiwa amekwishafikisha miaka thelathini.

Jina la taaluma hii linahitaji maelezo, kwa sababu shahada inayoitwa fasihi linganishi ni adimu katika vyuo vyetu. Kwa kawaida fasihi linganishi ni somo moja au masomo mawili matatu ndani ya shahada ya Kiswahili au ya fasihi, na msomi wake hujitambulisha kwa alichojifunza kuliko kwa kilichoandikwa kwenye cheti. Amejifunza kusoma kazi za lugha na jamii mbalimbali zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, na kuuliza kwa nini hadithi ileile hugeuka sura inapohama. Taaluma hii ina mizizi yake Afrika Mashariki. Mwaka 1968, mjini Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ifutwe, na mahali pake pawe na idara itakayoiweka fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, katikati, kisha fasihi za wengine zisomwe kwa kupimwa kutoka hapo. Upande wetu, Shaaban Robert alikuwa amekwishayaleta mashairi ya Mwajemi Omar Khayyam katika Kiswahili, na Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare zilizochapishwa mwaka 1963 na 1969. Watu hawa hawakuichukulia tafsiri kuwa kazi ya karani. Waliiona kuwa mahali ambapo fikra za jamii moja zinapimwa uzito na fikra za nyingine.

Mfano mkubwa kuliko yote wa kazi hiyo ulitokea hapahapa Arusha. Umoja wa Mataifa uliunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda mwaka 1994, ikaketi katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, na ikafungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2015. Watu wa Arusha tunaikumbuka zaidi kwa kodi za nyumba zilizopanda, magari ya Umoja wa Mataifa na vijana waliopata kazi za ulinzi na udereva. Tumesahau kwamba kiini cha kazi ya mahakama ile kilikuwa kusikiliza simulizi za Kinyarwanda na kuzifikisha kwa majaji waliokuwa wakifanya kazi kwa Kifaransa na Kiingereza. Katika hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998 na ambayo ilikuwa ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, majaji walitenga sehemu nzima kueleza ugumu wa tafsiri. Walimsikiliza profesa wa isimu kutoka Rwanda. Walieleza neno "inyenzi", ambalo kwa Kiswahili ni mende, lilibeba nini linapoitiwa binadamu. Walieleza pia kwamba mashahidi wengi wametoka katika utamaduni wa masimulizi, ambamo mtu husimulia jambo kama alilijua mwenyewe hata kama aliambiwa na jirani, hivyo kila mara ilibidi shahidi aulizwe tena: uliliona, au ulilisikia?

Kuna jambo jingine katika hukumu ile ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona upesi. Mashahidi waliotendewa ukatili wa kingono walitumia maneno kadhaa ya Kinyarwanda, miongoni mwake "gusambanya", "kuryamana" na "gufata ku ngufu", wakibadilishana hilo na lile, na wakalimani wakayatafsiri yote kwa neno moja la kisheria. Ambaye Kiswahili ni lugha yake hahitaji kamusi kuona kwamba la mwisho linakaribiana na kushika kwa nguvu, na kwamba mawili ya kwanza hayatamki nguvu waziwazi. Je, mama aliyesema "kuryamana" alikuwa akipunguza uzito wa alichotendewa, au alikuwa akisitiri kinywa chake kama alivyofunzwa na wakubwa wake? Majaji walilazimika kurudi kwa wakalimani wa mahakama ili wapate maana sahihi ya kila neno kabla ya kuamua. Miaka kumi baadaye, katika hukumu ya mwimbaji Simon Bikindi ya tarehe 2 Desemba 2008, mahakama ilichambua nyimbo. Majaji walikubali kwamba nyimbo zile zilieneza siasa za chuki na zikatumika wakati wa mauaji, lakini hawakuridhika pasipo shaka kwamba zilitungwa kwa nia mahususi ya kuchochea mauaji. Kilichompeleka jela miaka 15 ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti akiwa barabarani. Uamuzi huo umesimama juu ya maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi hukutana nayo mwaka wa pili: nani anasema ndani ya wimbo, anamwambia nani, sitiari inakomea wapi, na je, maana ya kazi ni ile ya mtunzi au ile waliyoipokea wasikilizaji? Tofauti ni kwamba darasani kosa linapunguza alama, na hapa kosa lingemfunga mtu asiyestahili au kumwachia anayestahili.

Inawezekana kusema kwamba mahakama ile imekwenda na hayo ni ya kale. Lakini mrithi wake, chombo cha Umoja wa Mataifa kilichoachiwa kumalizia kazi zake, bado ana ofisi na nyaraka zake Lakilaki, nje kidogo ya mji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake hapa. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ya nchi tatu ilipofufuliwa, sasa ina nchi nane baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kiswahili cha Lubumbashi si cha Arusha, na mtu anayedhani kwamba wajumbe wakikutana watafahamiana kwa kuwa wote "wanaongea Kiswahili" hajawahi kuketi katika kikao cha namna hiyo hadi jioni.

Hata hivyo nisingependa msomaji adhani kwamba kazi hizi ni za mashirika ya kimataifa tu, maana huko nafasi ni chache na hugawanywa kwa kuangalia uwiano wa nchi wanachama. Eneo pana zaidi liko katika mahakama zetu wenyewe. Kwa miongo mingi, ukiacha mahakama za mwanzo ambazo zimetumia Kiswahili tangu zamani, hakimu wa Tanzania alimsikiliza shahidi kwa Kiswahili na kuandika mwenendo wa kesi kwa Kiingereza. Kila hakimu alikuwa mfasiri wa papo kwa papo, bila kufunzwa kazi hiyo na bila mtu wa kumsahihisha. Chukua sentensi ya kawaida kabisa ya shahidi: "Alimpiga, akaanguka, akakimbia." Kiswahili kinaficha mambo mengi hapa. Hakisemi kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, wala aliyepigwa. Hakisemi pia kama aliyekimbia ni mpigaji au ni yule aliyeanguka kisha akainuka. Wasikilizaji waliomo chumbani wanajua, kwa sababu shahidi ameonyesha kwa mkono na kwa jicho. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi aseme jinsia ya kila mmoja, na anapoichagua amefunga mlango ambao shahidi aliuacha wazi. Jaji wa rufaa atakayesoma mwenendo ule baada ya miaka mitatu hataona mkono wala jicho. Ataona chaguo la hakimu tu.

Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, yanapunguza tatizo hilo upande mmoja na kulifungua upande mwingine, kwa sababu sasa sheria zilizotungwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi zinapaswa kusomeka kwa Kiswahili bila kupoteza makali yake. Mwanasheria anajua sheria inataka nini. Mtaalamu wa Kiswahili anajua sentensi iliyonyooka. Anayehitajika kati yao ni mtu aliyefunzwa kuzisoma matini chanzi, ile inayotafsiriwa, na matini lengwa, ile tafsiri yenyewe, kwa pamoja, aseme: hapa Kiingereza kimemlazimisha mtu, Kiswahili chetu kimemwomba. Mabadiliko haya yamepokewa kana kwamba ni habari ya wanasheria peke yao, na sijasikia mkuu wa idara ya fasihi hata mmoja akiwaambia wanafunzi wake kwamba yanawahusu.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia mwenyewe, upande wa Moshi. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia kupitia fomu ya ridhaa ya mradi mmoja wa utafiti wa afya. Washiriki walikuwa wagawanywe katika makundi mawili pasipo mtu yeyote kuchagua nani aende wapi, na aliyetafsiri fomu alikuwa ameandika kwamba watapangwa "kwa bahati nasibu". Tulikwenda kuijaribu fomu katika kijiji kimoja cha Rombo. Mama mmoja wa makamo alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hiyo bahati nasibu nikishinda napata nini? Na nikikosa, fedha zangu mtanirudishia?" Fomu ilikuwa sahihi kwa kamusi. Ilikuwa imemwalika kwenye kamari. Ukurasa wa pili ulimwambia kwamba huenda majibu ya kipimo yakawa "chanya", naye akafurahi, kwa sababu chanya ni jambo jema.

Aliyelitatua jambo lile hakuwa daktari, wala sikuwa mimi. Alikuwa binti mmoja aliyehitimu shahada ya Kiswahili na fasihi mwaka uliotangulia, aliyeajiriwa na mradi kwa miezi mitatu kama mkusanyaji wa taarifa. Alimwuliza yule mama: "Mama, kwenye mchezo wenu wa kupeana fedha, zamu mnapangaje?" Mama akajibu kwamba wanaokota karatasi zenye namba. "Anayeokota namba ya mwisho ameshindwa?" Hapana, hajashindwa, ni zamu yake tu ilivyoangukia. Usiku ule binti aliiandika upya aya nzima, akiueleza ugawaji kwa mfano wa kuokota karatasi, na mahali pa "majibu chanya" akaandika kwamba kipimo kimeonyesha ugonjwa upo. Alichokifanya si kupata neno bora. Alitafuta katika maisha ya msikilizaji tukio lenye umbo lilelile la jambo geni, akayalinganisha, akaona yanapofanana na yanapoachana, kisha akaandika. Hiyo ndiyo fasihi linganishi ikiwa kazini, na ndiyo ambayo mkuu wa mradi hakujua kwamba anaihitaji mpaka alipoiona.

Sasa nije kwenye hoja za wanaopinga, ambazo baadhi ni nzito na sitaki kuzipita juu juu. Ya kwanza ni ya mkopo. Mzazi anayesema kwamba mwanawe asisome fasihi hadharau vitabu, amepiga hesabu. Kijana aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, akiajiriwa, hukatwa 15% ya mshahara wake hadi deni liishe. Deni la daktari na deni la mhitimu wa fasihi hukatwa kwa kiwango kilekile cha asilimia, lakini mmoja ana ngazi ya kazi inayojulikana na mwingine hana. Ya pili ni ya ualimu. Kwa muda mrefu mlango wa kawaida wa aliyesoma lugha ulikuwa kufundisha sekondari, lakini nafasi za serikali hazilingani na wahitimu wanaotoka kila mwaka, na aliyesoma shahada isiyo ya ualimu hana budi kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu kabla hata hajasimama kwenye foleni. Ya tatu ni kwamba kazi nyingi nilizozitaja hulipwa kwa kipande: ukurasa huu leo, semina ile mwezi ujao, kisha miezi miwili ya ukimya. Kijana anayelipa kodi ya chumba Ngarenaro au Pasua haishi kwa ukurasa. Hoja hizi tatu nazikubali, na ndiyo maana simshauri mtu yeyote asome fasihi linganishi peke yake akitegemea kwamba cheti kitamtafutia kazi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, kwamba mashine imeimaliza kazi hii. Ukweli ni kwamba mashine imechukua sehemu ya kazi, na atakayekataa hilo anajidanganya: barua ya kawaida, tangazo la hoteli, maelezo ya bidhaa, hayo yanatafsirika kwa programu na kueleweka. Lakini rudini kwa sentensi ya shahidi. Ukiipa programu "Alimpiga, akaanguka, akakimbia", haitakuuliza ni nani. Itachagua, kimyakimya, nawe usiyejua Kiswahili hutajua kwamba uchaguzi umefanyika. Hakimu mchovu angalau alikuwa amemwona shahidi. Mashine imejifunza kutokana na maandishi yaliyokwishawekwa mtandaoni, na Kiswahili kilichopo huko ni kidogo ukilinganisha na Kiingereza, tena sehemu yake kubwa ni tafsiri. "Bahati nasibu" ya fomu ile ingetoka kwenye mashine vilevile, kwa sababu ndivyo wengi walivyokwishaandika. Kuna na suala la dhamana. Tafsiri ya mkataba wa ardhi, ya hukumu au ya fomu ya ridhaa inahitaji mtu wa kutia sahihi na kuulizwa baadaye. Ndiyo sababu ofisi hutaka tafsiri ithibitishwe na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na programu haiwezi kuitwa kizimbani. Mashine ikiongeza wingi wa maandishi yaliyotafsiriwa, inaongeza pia wingi wa maandishi yanayohitaji jicho la mtu anayejua kulinganisha. Swali la kweli ni kama jicho hilo litalipwa haki yake au litapunjwa kwa kisingizio kwamba kazi imekwishafanywa na lililobaki ni kusahihisha. Hatari iko hapo, na ni hatari ya bei.

Wenzangu wa upande wa "Kiswahili ni bidhaa" nao wana udhaifu wao, ingawa nia yao ni njema. Uamuzi wa Umoja wa Afrika hautoi ajira kwa wanaojua Kiswahili. Unatoa ajira kwa wanaojua Kiswahili na Kifaransa, Kiswahili na Kireno, Kiswahili na Kiarabu. Katika kibanda cha ukalimani anaketi mtu mwenye lugha mbili au tatu, na Kiswahili ni moja tu ya hizo. Tunaposherehekea kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, tungeuliza pia ni wahitimu wangapi wa idara zetu za Kiswahili wanaoweza kusoma gazeti la Kinshasa. Fasihi linganishi inayofundishwa kwa kulinganisha riwaya mbili za Kiswahili, au riwaya ya Kiswahili na nyingine iliyosomwa kupitia tafsiri, inamnyima mwanafunzi chombo chenyewe cha kazi. Kwetu Kilimanjaro jambo hili lina uchungu wa pekee. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi hadi 1938, aliandika mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga na wazee wao, yakachapishwa katika juzuu tatu nene kati ya mwaka 1932 na 1938, kwa Kijerumani. Wajukuu wa wazee wale wanaongoza watalii wa Kijerumani mlimani kila msimu, wengine wakikizungumza Kijerumani cha kutosha kupata bahashishi nzuri, lakini maneno ya babu zao hawayafikii. Mhitimu mmoja mwenye Kiswahili, Kichaga na Kijerumani cha kusomea angekuwa na kazi ya miaka kumi hapo, na makumbusho, kanisa, waandaaji wa filamu na kampuni za utalii zingekuwa na kitu cha kununua kwake.

Katika uchapishaji mambo si tofauti sana. Abdulrazak Gurnah alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, riwaya yake ya mwaka 1994 inayohusu pwani yetu na safari za bara ilikuwa bado haijasomeka kwa Kiswahili. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitoka mwaka 2022, miaka 28 baada ya kitabu chenyewe. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, inaleta miswada, na miswada inataka wahariri wanaoweza kumwonyesha mwandishi mahali ambapo sentensi yake ya Kiswahili imevaa koti la Kiingereza. Tamthilia za Kituruki zinaingizwa sauti za Kiswahili na kutazamwa nyumba kwa nyumba, na kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, vijana wamezoea kwa miaka mingi filamu za kigeni zikisimuliwa kwa Kiswahili na mtu mmoja anayejua kwamba mzaha wa Hong Kong hauchekeshi mtaani Unga Limited, hapa Arusha, mpaka ugeuzwe. Watu hao wanafanya kazi ya ulinganishi bila kupita chuoni. Sisemi tuwapokonye, nasema wahitimu wetu wangekwenda kujifunza kwao.

Ikiwa haya ni kweli, basi idara za fasihi za vyuo vya kanda hii zina jambo la kufanya kabla ya kuomba wanafunzi zaidi. Mwanafunzi wa fasihi linganishi asihitimu bila lugha ya pili ya kazi anayoweza kuisoma kwa kina, iwe Kifaransa, Kiarabu, Kijerumani au Kinyarwanda. Asihitimu pia bila kuwa amekaa na matini zisizo za kifasihi: hukumu, fomu ya hospitali, mkataba, hotuba ya bungeni. Baadhi ya wenzangu wataona kwamba huko ni kuiuza fasihi rejareja. Mimi naona kinyume chake, kwamba aliyeweza kuona sitiari inapokomea katika utenzi ndiye atakayeona neno linapomdhulumu mtu katika fomu, na kwamba tukimfungia ndani ya riwaya peke yake tumekipa kisu makali kisha tukakificha kabatini. Kijana naye achague uwanja mapema. Anayetaka kufanya kazi na mahakama asome misingi ya sheria, anayetaka afya azoee zahanati, na kila mmoja atunze mkoba wa kazi alizozifanya, kwa sababu mwajiri asiyejua jina la taaluma yako anaweza kuelewa kurasa mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu, ya kabla na ya baada.

Lakini mzigo mkubwa uko kwa wanaotoa fedha. Miradi ya utafiti, mashirika na halmashauri zetu huandika bajeti zenye fungu la mafuta, la posho, la vitafunwa vya semina na la kurudufu nyaraka, na fungu la kufanya maneno yafike halimo. Siku ya malipo ya mradi ule wa Rombo, karani wa fedha aliipekua orodha yake ya mafungu mbele yetu akitafuta mahali pa kumwingiza yule binti kwa ile kazi ya usiku, kwa sababu alikubali kwamba aliifanya na kwamba alistahili kulipwa. Hakukuwa na tafsiri, hakukuwa na uhariri. Akatafuta lililo karibu, akaandika kwenye vocha: "Uchapaji, kurasa 6." Binti aliisoma, akaitazama kwa muda, akatia sahihi.